Inchi 24, 27 au 34? Kuchagua skrini moja ya kazi na gemu hapa Lamu

Chukua futi kamba upime meza yako kabla hujauliza bei ya skrini. Nyumba nyingi za mawe hapa Lamu mjini zina vyumba virefu na vyembamba. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haifiki mbali, upana wa chumba huishia kwenye mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ukishatia kitanda, kabati na njia ya kupita, meza itakayobaki ina kina cha sentimita 50 au 60. Kina hicho ndicho kinachoamua utaitazama skrini kutoka umbali gani, na umbali huo una uzito kuliko jina la kampuni na kuliko zile taa za rangi zilizobandikwa nyuma.

Vijana huniuliza swali moja kwa namna nyingi: "Ami, pesa zangu zinatosha skrini moja tu. Mchana nifanyie kazi, usiku nichezee gemu. Nichukue ipi?" Na kazi zenyewe si mchezo. Kuna wanaohariri video za harusi na za Maulidi, wanaopokea maombi ya wageni wa nyumba za kulala kule Shela, wanaoshika hesabu za maduka, na wanaoandika programu kwa wateja walio Nairobi au ng'ambo. Kwa walio wengi jibu langu ni inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440, paneli ya IPS, kasi ya Hz 144 au zaidi; maneno haya nitayaeleza huko chini. Ila wapo ambao skrini hiyo itawapotezea pesa, kwa hiyo tuziweke zote mezani.

| | Inchi 24 | Inchi 27 ya 1440 | Inchi 27 ya 4K | Inchi 34 pana |
|---|---|---|---|---|
| Pikseli | 1920 × 1080 | 2560 × 1440 | 3840 × 2160 | 3440 × 1440 |
| Jumla ya pikseli | milioni 2.07 | milioni 3.69 | milioni 8.29 | milioni 4.95 |
| Pikseli kwa kila inchi | 92 | 109 | 163 | 110 |
| Upana wa kioo | sm 53 | sm 60 | sm 60 | sm 80 |
| Kimo cha kioo | sm 30 | sm 34 | sm 34 | sm 33 |

Tuanze na kazi, maana ndiyo itakayoilipia

Ukurasa wa A4 una kimo cha sentimita 29.7. Kwenye inchi 24, ukishatoa menyu ya juu na ule ukanda wa Windows wa chini, ukurasa mzima hauenei kwa ukubwa wake halisi, na siku nzima unausogeza juu na chini. Kwenye inchi 27 ukurasa unaenea, na wa pili unakaa ubavuni mwake, na bado pembeni kunabaki nafasi ya kuweka WhatsApp ya mteja. Anayehariri video hupata ukanda mrefu wa klipu bila kuifinya picha anayoitazama. Anayeshika hesabu huona mistari mingi zaidi kwa theluthi moja. Faida hiyo haimo kwenye matangazo ya gemu, lakini ndiyo utakayoihisi kila siku.

Sasa kuna skrini ambayo sikuiweka kwenye jedwali kwa makusudi: inchi 27 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Dukani inavutia sana. Ni kubwa, bei yake ni nafuu, na imewekwa mbali ikionyesha video ya samaki na matumbawe. Ukiileta nyumbani ukakaa nayo sentimita 60, kila inchi ina pikseli 82 tu na kingo za herufi zinaonekana zimekatika. Macho yanachoka bila wewe kujua sababu. Kwa anayecheza PlayStation akiwa amekaa kitandani, haina neno. Kwa anayesoma na kuandika, namsihi aiache. Kwa bei ileile inchi 24 ina maandishi safi zaidi, maana pikseli ni zilezile na zimebanwa mahali padogo.

Watu wengi huichukua ya 4K wakidhani wanapata nafasi mara nne. Hawaipati. Kwenye inchi 27 maandishi ya 4K huwa madogo mno, kwa hiyo Windows huyakuza hadi asilimia 150. Gawa 3840 kwa moja na nusu upate 2560: nafasi ya kufanyia kazi imerudi kuwa ileile ya 1440. Ulichokipata ni ukali wa herufi, na ukali huo ni wa kweli. Kwa umbali wa sentimita 60 jicho zima halizioni tena pikseli, na maandishi yanakaa kama yamepigwa chapa. Mwandishi, mfasiri, mtu wa kuchora ramani za nyumba au anayehariri picha za kuchapishwa atafurahi nayo. Mwenye MacBook naye aifikirie kwa uzito, kwa sababu tangu toleo la Mojave la mwaka 2018 macOS iliacha njia yake ya zamani ya kulainisha herufi, na skrini ya 1440 inayoonekana safi kwenye Windows huonekana imefifia kidogo ikiunganishwa na Mac.

Ile pana ya inchi 34 nayo ina siri iliyo wazi kwenye jedwali: kimo chake ni kama cha inchi 27, kilichoongezwa ni upana. Ni nzuri sana kwa ukanda wa klipu na kwa majedwali marefu, na kwenye gemu za magari unahisi umekaa ndani ya gari. Lakini kioo cha sentimita 80 kwenye meza yenye kina cha sentimita 50 kinakulazimisha kugeuza shingo, na gemu nyingi za mpira na video nyingi za mtandaoni huacha mapande meusi pembeni. Wenzetu wa Malindi wenye nyumba mpya za vyumba vya mraba wanaweza kuiweka vizuri. Humu ndani ya mji mkongwe mimi simshauri mtu, isipokuwa awe na meza ya kina cha sentimita 75.

Gemu: hesabu ya milisekunde

Hz ni idadi ya picha ambazo skrini inazibadilisha kwa sekunde moja. Kwenye Hz 60 kila picha inakaa milisekunde 16.7. Kwenye Hz 144 inakaa 6.9, na kwenye Hz 240 inakaa 4.2. Kutoka 60 hadi 144 umepunguza karibu milisekunde 10, na tofauti hiyo kila mtu anaiona, hata kwenye kusogeza kurasa za kazi. Kutoka 144 hadi 240 umepunguza chini ya 3. Anayeshindana kwa pesa kwenye gemu za risasi ana haki ya kuzitafuta hizo tatu. Wengine wote pesa hiyo waitie kwenye paneli bora.

Kisha iulize kompyuta yako. Kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu, ni lazima itengenezwe pikseli kwa pikseli, na 1440 ina pikseli asilimia 78 zaidi ya 1080, ilhali 4K ina mara nne. Kadi ya michoro ya GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye kumbukumbu ya GB 4, ni kadi ya 1080, na ukiiambatanisha na skrini ya 1440 gemu nzito zitasuasua. Kuishusha gemu hadi 1080 kwenye kioo cha 1440 si dawa kamili, kwa kuwa pikseli moja hailingani sawasawa na nyingine na picha inakuwa na ukungu. RTX 3060 ya GB 12 iliyotoka 2021 inaimudu 1440 kwenye gemu nyingi ukipunguza mapambo kidogo, na teknolojia za kukuza picha, DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, zinaongeza nafasi ya kupumua. Kwa hiyo mwenye kadi ndogo, na asiye na mpango wa kuibadilisha karibuni, skrini yake ni inchi 24 ya 1080 yenye Hz 144 au zaidi, na asione haya kabisa. Itampa mchezo laini kila siku kuliko kioo kikubwa kinachokwamakwama.

Wa PlayStation wasikilize hapa. PS4 ya kawaida huishia 1080 na Hz 60, kwa hiyo Hz 144 haimwongezei mchezaji wake chochote. PS5 ilipotoka mwaka 2020 haikuijua 1440. Uwezo huo uliongezwa kwa sasisho la Septemba 2022, na sasa inatoa 1440 hadi Hz 120 kwenye gemu zinazoruhusu. Ila kama unataka kasi ya skrini ifuatane na fremu za gemu ili picha isichanike, PS5 inahitaji tundu la HDMI 2.1. Skrini yenye HDMI 2.0 itaonyesha, lakini kufuatana huko hutakupata. Kwenye kompyuta mambo ni mepesi zaidi, maana waya wa DisplayPort pamoja na FreeSync ya AMD au G-Sync ya NVIDIA hutosha.

Usibabaishwe na "1 ms" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha. Tafuta herufi ndogo zinazoifuata. Kama ni GtG, ni muda wa pikseli kuhama kutoka kijivu kimoja hadi kingine. Kama ni MPRT, mara nyingi imepatikana kwa kuizimazima taa ya nyuma, hali inayoifanya skrini iwe na giza na ambayo wengi hawaitumii kabisa.

Paneli

Paneli ni kile kioo chenyewe, na aina utakazokutana nazo ni IPS, VA, TN na OLED. Kwa mtu wa kazi na gemu mimi husimama kwenye IPS. Rangi zake hazigeuki ukiitazama kwa ubavu, na hapa kwetu hilo lina maana: mteja wa harusi hukaa pembeni yako akiangalia video yake, na bibi arusi hataki kuona leso lake limebadilika rangi. VA ina weusi mzito zaidi, uwiano wa 3000 kwa 1 dhidi ya 1000 kwa 1 wa IPS, na usiku filamu zinapendeza. Kasoro yake ni mkia mweusi unaofuata vitu vinavyokimbia kwenye giza, na skrini nyingi za inchi 34 za bei ya kati ni za VA. TN iache. OLED ni nzuri mno kwa gemu, hakuna inayoifikia kwa kasi wala kwa weusi, lakini ukanda wa Windows na jedwali la hesabu vikikaa mahali pamoja saa nane kila siku vinaweza kuacha alama ya kudumu. Kwa anayecheza zaidi ya anavyofanya kazi, sawa. Kwa swali tulilonalo leo, hapana.

Anayeshughulika na rangi aangalie vipimo vya upana wa rangi: sRGB asilimia 100, au NTSC asilimia 72, ambayo ni karibu kitu kimoja. Ukiona NTSC 45, rangi nyekundu na kijani zitapauka, na utazirekebisha video za watu kwa kuzidisha hadi zichukize kwenye simu zao.

Je, za ex-UK?

Kama kazi inaizidi gemu kwa mbali, usizidharau. Skrini za ofisi zilizotumika, mfano Dell P2419H ya karibu inchi 24, ni IPS, zina mguu unaopanda, unaoshuka na unaogeuka, na hutengenezwa kukaa miaka. Kasi ni Hz 60 tu. Wawili watatu ninaowafahamu wamenunua mbili kwa pesa pungufu ya skrini moja mpya ya inchi 27, na kwa kupokea wageni wa hoteli na kuandika barua pepe kwa wakati mmoja wamepata raha kubwa. Meza iwe na urefu wa sentimita 120. Kwenye gemu ule ukingo wa katikati, skrini mbili zinapokutana, utakukera, utachezea kwenye moja tu.

Ukienda kuichukua, iwashe na ufungue ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, kisha mwekundu, kijani na buluu. Mweupe hufichua umanjano na madoa ya kugandamizwa, rangi nyingine hufichua pikseli zilizokufa. Chomeka waya kwenye kila tundu na uutikise kidogo. Picha ikikatika, usiipokee.

Mwanga, chumvi na umeme

Nyumba ya mawe ina mwanga wa upole. Unaingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani, na ukifika vyumbani umeshatulia, kwa hiyo niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 250 hadi 300 zinatosha kabisa. Barazani kwenye jua, au kwenye nyumba za Malindi zenye madirisha mapana, tafuta 350 na zaidi, na kioo kiwe kisichong'aa. Hata hivyo niti hazishindi jua. Iweke skrini ubavu kwa dirisha, isilitazame wala isilipe mgongo.

Adui mkubwa ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu, hasa wakati wa kusi na mvua za masika, hula shaba ya matundu na bodi za ndani. Skrini inayowashwa mara kwa mara hukauka kwa joto lake yenyewe, iliyokaa miezi bila kuwashwa ndiyo inayofika kwa fundi. Ukizima, isubiri ipoe ndipo uifunike kitambaa cha pamba, na matundu yasiyotumika yazibe kwa vifuniko vyake. Usiiweke mkabala na dirisha linaloelekea baharini, hata kama mandhari ni mazuri.

Kwa upande wa umeme napendelea skrini yenye adapta ya nje kuliko ile iliyofungiwa ndani. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, adapta ndiyo hutangulia kuungua, na adapta hununuliwa; ya ndani ni lazima kioo kifunguliwe. Weka UPS au stabilaiza, na umeme ukikatika chomoa hadi utulie. Ulaji wenyewe usikutishe: inchi 24 kwa kawaida hula wati 20 hivi, inchi 27 wati 30 hadi 40. Saa tano kwa siku za wati 40 ni yuniti 6 kwa mwezi. Ila ndugu zetu wa Pate na Kizingitini wanaotegemea betri za sola wazihesabu hizo wati 20 za ziada, kwao zinaonekana.

Kuifikisha

Nyingi zinatoka Mombasa au Nairobi. Kwa Malindi ni basi kisha tuktuk, mambo yameisha. Kwa Lamu ni basi hadi Mokowe, kisha boti, kisha mkokoteni au punda kupitia vichochoro. Mwambie muuzaji kasha lisimamishwe, lisilazwe kamwe, na lisiwekewe mzigo juu. Kioo hakivunjwi na kuanguka peke yake, kinavunjwa na kugandamizwa. Aongeze karatasi ya plastiki kwa sababu ya maji ya bahari. Fungua kasha mbele ya mpokezi wa mzigo na upige picha, maana waranti haifidii kioo kilichopasuka. Kasha la skrini iliyopinda ya inchi 34 ni pana na zito, na kwenye kichochoro ukikutana na punda mwenye mawe mmoja wenu atarudi nyuma.

Kama meza yako ina kina cha sentimita 50 na bado unataka inchi 27, nunua mkono wa kubana kwenye meza na uhakikishe mgongoni skrini ina matundu ya skrubu ya VESA, ya milimita 100 kwa 100. Mguu wa kawaida unakula sentimita 20 au zaidi za meza. Mkono unakirudisha kioo hadi ukutani. Usikimbilie kutoboa ukuta. Matumbawe na chokaa hayashiki skrubu kama zege, na nyumba za mji huu, ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, si za kutobolewa ovyo.

Ukishaifunga, chomeka waya kwenye tundu la kadi ya michoro, usichomeke kwenye lile la bodi kuu. Mwenye laptopu ya zamani ajue kwamba HDMI 1.4 huipeleka 4K kwa Hz 30 tu, na kipanya kitaburuta. Na si kila tundu la USB-C hutoa picha. Halafu fungua mipangilio ya onyesho ya Windows, ingia sehemu iliyoandikwa Advanced display, utazame kasi iliyochaguliwa. Mara nyingi Windows huiacha kwenye Hz 60, na wapo waliokaa na skrini ya 144 mwaka mzima bila kuiona 144 yake. Ibadilishe, shusha mwangaza hadi karatasi nyeupe iliyo pembeni na ukurasa mweupe wa skrini vilingane, na ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho yako au chini yake kidogo.